Tufe la dunia la plastiki linalofunguka: lenyewe safi, kikaratasi chake ndo tatizo

Nimemchukulia kijana wangu wa darasa la sita, Kariakoo, 28,000 baada ya kuvutana sana maana jamaa alianzia 45. Linafunguka kama tikiti, tabaka zinachomoka moja moja mpaka kiini cha ndani kama gololi, rangi haibanduki, ila bawaba imelegea wiki ya pili tu nimeifunga na rababendi.

Sasa kikaratasi. Eti graviti inazidi kuongezeka mpaka katikati ya dunia ndo kali kuliko kote! Dogo akaniuliza, baba, kwa hiyo mtu akifika pale anasagika? Anasagika ndio, ila kwa presha, ana kilomita 6,371 za mawe na chuma juu yake kila upande. Uzito wake hapo ni ziro, maana dunia inamvuta huku na huku sawasawa, hakuna upande unaoshinda.

Ila hata sisi tunaojua hiyo ya ziro tunakosea njiani, mi mwenyewe miaka yote nilijua ukianza tu kushuka inapungua, kumbe hiyo ni kama dunia ingekuwa na uzito mmoja kotekote kama andazi. Newton alishapiga hesabu toka 1687, mvuto wa tabaka lililobaki juu yako unajifuta wenyewe, kinachokuvuta ni kile kilicho chini ya miguu yako tu. Na chini huko kuna chuma kizito, unakisogelea huku unaacha mawe mepesi juu, kwa hiyo ile graviti ya 9.8 (mita kwa sekunde kwa sekunde) tuliyokariri sekondari inakaa kwenye 10 hivi safari ndefu, inafika kama 10.7 pale kiini kinapoanzia, kilomita 2,900 chini, ndo inaporomoka hadi ziro. Na mwanzoni kweli inapanda, mwanaastronomia Airy kule Uingereza 1854 alishusha pendula kwenye mgodi wa makaa wa Harton ikaenda mbio kuliko ya juu (graviti ikizidi pendula inakimbia), sekunde 2 na kitu kwa siku.

Kinachochekesha tufe lenyewe linafundisha vizuri kuliko karatasi yake: chomoa ganda weka pembeni, kilichobaki mkononi ndo kinachokuvuta. Dogo alielewa hapo hapo.

Tufe nyota 4, karatasi 0. Nilimrudia muuzaji akaniambia bro mi nauza plastiki, fizikia kamuulize mwalimu.