Bunduki yangu ya marisau ilirudi na kasoro ambayo haikwenda nayo: uzoefu wangu na karakana moja ya Texas

Nitaanza na hukumu, ili asiye na muda aondoke nayo mapema. Mkanda wao nunueni, na vishikio vyao vya risasi nunueni pia, lakini bunduki yenyewe isivuke kaunta yao.

Ninashiriki mashindano ya bunduki tatu hapa Texas, mchezo ambao mshindani hutumia raifo, bastola na bunduki ya marisau, mara nyingi zote tatu katika kituo kimoja, akikimbia kutoka shabaha hadi shabaha huku saa ikimhesabia. Wanaoujua mchezo huu wanafahamu kwamba raifo na bastola hazisumbui sana wakati wa kujaza, kwa kuwa unachomoa magazini na kuchomeka nyingine. Muda hupotelea kwenye marisau. Katika daraja ninaloshiriki, bunduki hiyo hujazwa kwa mkono, risasi zikisukumwa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na kanuni za mashindano mengi haziruhusu kuanza na zaidi ya risasi 9. Shabaha zikizidi hapo, nazo huzidi karibu kila mara, unalazimika kujaza huku miguu inakwenda: unachomoa risasi 4 kiunoni kwa mkupuo mmoja, mbili juu ya mbili, unasukuma jozi ya kwanza, kisha unasukuma ya pili. Anayekwama hapo hupoteza sekunde ambazo hata awe mlengaji hodari kiasi gani hatazipata tena.

Ndiyo maana watu hupeleka bunduki zao kwa fundi. Yangu ni Benelli M2, bunduki ya Kiitaliano ambayo sina neno baya juu yake, isipokuwa kwamba inatoka kiwandani ikiwa na tundu dogo la kujazia, pamoja na bamba la kupandishia risasi ambalo huuma kidole gumba bila huruma. Mwindaji wa ndege anayetia risasi mbili tatu na kungoja hana haja ya zaidi ya hapo. Mimi niliagiza mambo mawili: tundu lipanuliwe na kingo zake zilainishwe, na bamba lirekebishwe lisiniume tena. Yote mawili yaliandikwa kwenye karatasi ya oda, na nakala yake ninayo hadi leo.

Kazi hiyo, haki ya Mungu, waliifanya vizuri. Tundu lilirudi likiwa pana, laini, lenye mteremko unaoipokea risasi hata ukiisukuma kwa pembe mbaya. Nyumbani, nikiwa na risasi bandia, nilitia mojamoja, polepole, nikiufurahia ulaini huo kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu, na laiti ningeandika jioni ile, wangepata nyota zote.

Halafu yakaja mashindano ya mwanzoni mwa majira ya joto. Nilipiga sahani za chuma za kwanza bila kukosa, nikachomoa risasi nne, jozi ya kwanza ikaingia. Jozi ya pili nayo iliingia, nikausikia mguso wake kabisa kwenye kidole, kisha ikarudi. Springi ya bomba ina nguvu, kwa hiyo risasi moja ilinigonga kiganjani na kuangukia kwenye changarawe, na iliyoifuata ikajibana kati ya bamba na ukingo wa tundu, ikawa haiingii wala haitoki. Mwamuzi alikuwa nyuma yangu na saa yake mkononi, lakini si kazi yake kumkwamulia mshindani bunduki. Niling'ang'ana na risasi ile mpaka kucha ikavunjika. Mwishowe nikafunga kufuli ya usalama, maana anayetelekeza bunduki yenye risasi bila kuifunga huondolewa mashindanoni siku hiyohiyo, nikaitumbukiza katika pipa la kuachia bunduki, mdomo ukielekea chini, nikamalizia kwa bastola. Shabaha za marisau zilizobaki zilibaki zimesimama, na kila moja ikaniongezea sekunde za adhabu.

Juma lililofuata nikairudisha. Aliyekuwa kaunta alikuwa bwana wa makamo mwenye fulana ya karakana, ambaye hata mfuko wa bunduki hakuufungua. Aliniambia kwamba ninatumia risasi za bei rahisi. Ieleweke kwamba maneno hayo yana ukweli mahali pake: bunduki ya aina hii huendeshwa na msukumo wake yenyewe inaporudi nyuma, na risasi dhaifu kweli inaweza kushindwa kuifungua na kuingiza nyingine. Lakini hilo hutokea baada ya kupiga. Mimi nilikuwa ninajaza. Risasi ambayo bado haijapigwa haina nguvu wala udhaifu, ni kitu kinachosukumwa ndani ya bomba, na bomba linapaswa kukizuia kisirudi. Nilimweleza haya kwa utulivu ambao sasa ninaujutia. Alinisikiliza mpaka nusu, akasema kwamba huenda huko nilikotoka hatujazoea bunduki za namna hii, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu na wakacheka. Baada ya kicheko hicho akanitajia ada ya ukaguzi.

Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kuutambua mzaha wa kawaida wa dukani, na huu haukuwa huo.

Aliyeniokoa ni kijana aliyetoka karakana ya nyuma, bila shaka kwa kusikia sauti yangu ikipanda. Hakuuliza nilikotoka. Alichukua risasi bandia mbili, akazisukuma haraka kama tufanyavyo uwanjani, na zote mbili zikamrukia mkononi. Akaifungua bunduki palepale, akatoa kizuizi cha risasi, kile kidude cha chuma kinachozishika zisirudi nyuma zikishaingia ndani ya bomba, akakisogeza chini ya taa na kuniita nikitazame. Ukingo unaotakiwa kuwa mkali, wenye kona inayokamata ukosi wa shaba wa risasi, ulikuwa umesuguliwa hadi ukawa wa mviringo na unang'aa. Ukisukuma polepole ulishika. Ukisukuma kwa kasi, risasi iliuteleza. Akachukua kingine kipya kwenye droo, akakifunga, akajaribu tena na tena, na hakuna kilichorudi. Akaomba radhi kwa niaba ya wote.

Hapo hasira ilinishuka, nikawa tayari kusema kwamba mambo yamekwisha. Nikaitazama upya ile risiti ya awali, na kweli, chini kabisa, baada ya kazi zangu mbili, palikuwa na mstari wa tatu: kusugua kizuizi cha risasi. Sikukiagiza. Walikiharibu kitu kizima bila kuombwa, kisha wakanitoza kwa kukiharibu. Nilipodai fedha hiyo, bwana wa kaunta akajibu kwamba kazi ilifanyika, kwa hiyo malipo ni halali. Ukiifikiria kwa makini, hoja hiyo ina ushupavu wake.

Sasa nifanyeje na mkanda? Maana mkanda niliununua hapohapo na sijawahi kuvaa ulio bora kuliko huo. Ni wa tabaka mbili, la ndani likipita kwenye vitanzi vya suruali na la nje likiligandia kwa velkro, nao haukusogea hata nilipopita kwa magoti chini ya kizuizi cha mbao. Vishikio vya risasi walivipanga kwa kupima kiganja changu, wakaviinamisha kidogo mbele, na ala ya bastola inaishika barabara ninapokimbia. Kwa mkanda peke yake ningewapa nyota nne, na siku nyingine, nikiwa nimelala vizuri, tano.

Atakayelazimika kupeleka bunduki kwao, kwa kuwa mafundi wa kazi hii si wengi, aandike kwenye oda kwamba kizuizi cha risasi kisiguswe, aende na risasi bandia zake, ajaze kwa kasi ya mashindano mbele ya kaunta, na asilipe kabla ya hapo. Bunduki yangu leo inafanya kazi ipasavyo, fedha ya mstari wa tatu haijarudi, na nyota ninayotoa ni moja. Yule kijana wa nyuma ningempa tano, lakini hakuna namna ya kumpa yeye bila kumpa na aliye mbele.