Caddy mbele ya seva za ofisi: tathmini kwa wenye IP moja ya umma

Chukua ofisi ya Area C au Kisasa, Dodoma, yenye mfumo wa hesabu, mfumo wa mahudhurio na tovuti, kila kimoja kwenye seva yake, lakini IP ya umma ni moja. Ruta haiwezi kupeleka poti 443, ile ya HTTPS, kwa seva tatu kwa pamoja. Kinachotakiwa ni proksi ya kinyume: mashine moja inayopokea maombi yote, inasoma jina la domeni, kisha inampeleka mgeni kwa seva husika. Kwa kazi hii, na kwa fundi mmoja anayehudumia ofisi kadhaa, chaguo langu ni programu ya Caddy 2. Ni ya bure, leseni yake ni Apache 2.0.

Faili zima la /etc/caddy/Caddyfile kwa mfumo mmoja ni hili:

hesabu.mfano.co.tz {
    log
    reverse_proxy 192.168.10.20:8080
}

Mfumo wa pili ni mistari mingine kama hiyo. Kagua kwa `caddy validate --config /etc/caddy/Caddyfile`, kisha `systemctl reload caddy`. Waliomo kwenye mfumo kwa kawaida hawakatiki.

Uzuri wake mkubwa ni vyeti vya HTTPS. Caddy huviomba yenyewe Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, na kuvihuisha theluthi moja ya muda wake ikibaki, bila mtu kukumbushwa. Kabla ya kuiwasha, hakikisha domeni inaelekea kwenye IP yenu na ruta inapeleka poti 80 na 443 kwa mashine ya proksi. Ukikuta anwani ya nje ya ruta inaanza na `10.` (kumi na nukta), au iko kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike na mipangilio: huna IP ya umma. Iombe kwa mtoa huduma, au kodi seva ndogo nje na uiunganishe na ofisi kwa VPN ya WireGuard.

Kwenye Nginx, proksi nyingine inayotumika sana, faili linalopandishwa likizidi MB 1 hukataliwa kwa kosa la 413 hadi ubadilishe `client_max_body_size`. Caddy haina kikomo hicho ikiwa haujakiweka. Hata hivyo Nginx bado ni imara, na anayeizoea hana sababu ya kuhama.

Matatizo mengi hutokea pembeni ya Caddy. Ukurasa ukizunguka bila kufunguka, mara nyingi programu ya ndani haijaambiwa iiamini proksi: huona HTTP, inamrudisha mgeni HTTPS, naye anarudi palepale. Programu iliyoandikwa kwa Laravel ina mpangilio wa TrustProxies, ya Django ina SECURE_PROXY_SSL_HEADER. Kosa la 502 linamaanisha seva ya ndani haijibu. Jaribu `curl` kutoka kwenye proksi kabla ya kugusa chochote kingine. Wafanyakazi wa ndani wakishindwa kufungua domeni inayofunguka nje, mara nyingi ruta haiwarudishi ndani wanaoomba IP yenu ya umma wakiwa ndani. Weka DNS ya ndani inayoielekeza domeni kwenye IP ya ndani ya proksi.

Umeme ukikatika na betri ndogo ya ubao mama imekufa, saa ya mashine hurudi nyuma na vyeti huonekana batili. Badilisha betri, washa `chrony`, inayosawazisha saa kupitia mtandao.

Seva za ndani zikubali proksi pekee (hapa ni 192.168.10.5), kwa ukuta wa moto wa ufw:

ufw allow from 192.168.10.5 to any port 8080 proto tcp

Hapa wengi hujidanganya: poti iliyofunguliwa na Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena, hupita bila kuulizwa na ufw. Mfumo ukiwa kwenye Docker, chuja poti hiyo kwa mnyororo wa DOCKER-USER, yaani kanuni za iptables zinazosomwa kabla ya zile za Docker. Na ukiiendesha Caddy yenyewe kwa Docker, hifadhi folda ya /data nje ya kontena. Ikipotea kila unapojenga upya, vyeti huombwa upya hadi Let's Encrypt ikuzuie.

Lile neno `log` kwenye faili lisiachwe. Bila hilo, Caddy haiandiki nani aliingia, na siku ya kuulizwa hutakuwa na cha kuonyesha.