Karatasi ya maabara iliyomtolesha mamangu sanda

Nimeandika hii mara tatu nikaifuta kwa hasira. Leo naimaliza.

Mamangu ana miaka 78 na moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wiki moja au mbili baada ya Idi, daktari alimwandikia kipimo cha damu cha kufuatilia moyo. Tukavuka feri kutoka Likoni, tukapanda tuktuk mpaka maabara fulani ya mjini. Majibu yakatoka mchana. Kijana wa dirishani akayasoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia: “Mama, mara ya kwanza ulikuwa 462, sasa 2,640. Moyo umeharibika zaidi ya mara tano. Mpelekeni hospitali haraka.”

Nikamuuliza, mbona siku hizi anapumua vizuri kuliko zamani? Mwinuko wa feri alikuwa akiupanda akisimama mara tatu, siku hiyo alisimama mara moja tu.

“Kwani dada wewe ni daktari? Mashine haidanganyi. Anayefuata!”

Anayefuata! Mtu mzima ameshika buibui yake mkononi, midomo inamtetemeka, na huyu anaita anayefuata. Hata kiti hakumpa.

Kwenye feri mamangu hakusema neno. Tulipofika nyumbani alifungua sanduku akatoa sanda yake, ile aliyokuja nayo kutoka Makka, akaiweka kitandani. Kisha akashika simu. Akampigia shangazi, akampigia jirani wa zamani wa Majengo waliyekosana kwa ajili ya ukuta, akampigia na muuza samaki anayemdai shilingi mia mbili. Kila mmoja anamwomba radhi. Chakula hakugusa. Mimi nililala sakafuni karibu yake nikihesabu pumzi zake mpaka alfajiri.

Kesho yake daktari aliitazama ile karatasi hata dakika haikutimia. “Hivi ni vipimo viwili mbalimbali,” akasema.

Nieleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu wallahi hakuna aliyetuambia kabla. Kuta za moyo zikivutika kwa kulemewa, moyo hutoa kitu kwenye damu, na kitu hicho hukatika vipande viwili. Kimoja kinaitwa BNP, hicho hufanya kazi mwilini, husaidia kutoa chumvi na maji. Cha pili ni NT-proBNP, hakina kazi, lakini hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo namba yake huwa kubwa zaidi sana. Moyo mmoja, siku moja, waweza kutoa 462 kwa kipimo hiki na elfu mbili na zaidi kwa kile. Ni kupima kitambaa leo kwa yadi, kesho kwa futi, kisha useme kimerefuka.

Na aliyebadilisha kipimo ni daktari mwenyewe, kwa sababu njema. Alimwanzishia mamangu kidonge chenye sacubitril, na dawa hiyo huzuia BNP isivunjwevunjwe mwilini. Basi BNP yaweza kupanda hata moyo unapopata nafuu, lakini NT-proBNP haiguswi na dawa hiyo. Fomu ilikuwa imeandikwa wazi. Maabara wakachukua namba mbili zisizolingana wakazipanga mstari mmoja, “awali” na “sasa”.

Nilimkasirikia daktari pia. Angetumia dakika moja tu kutuambia, mamangu asingelala na sanda. Akakubali kosa, akaomba radhi, na hapo nikapoa kidogo. Kisha akaniambia kuna utafiti wa Marekani na Kanada, ulichapishwa 2017, wagonjwa 894: wale ambao madaktari walifukuzia namba ya NT-proBNP ishuke chini ya 1,000 hawakufanya vizuri kuliko waliotibiwa kama kawaida. Nikapandwa tena. Basi mnatutoza pesa za nini?

Nilikusudia kumalizia hapa kwa kuwaambia msipime. Siwezi. Nusu mwaka mzima mamangu alitibiwa pumu, dawa za kuvuta moja baada ya nyingine, na miguu inavimba. Usiku aliopelekwa kwa dharura ni BNP ile ile, 462, iliyowafanya wautazame moyo, kwani kawaida ikiwa chini ya 100 moyo si wa kushukiwa. Bila kipimo hicho tungekuwa tumemzika na dawa ya pumu mkononi.

Daktari anasema haiangalii namba peke yake. Anauliza uzito wa asubuhi, mito mingapi ya kulalia, figo zikoje, maana figo zikidhoofika namba hupanda, na umri pia huipandisha, na unene huishusha. Na sasa anauliza mwinuko wa feri. Namba ikibadilika chini ya asilimia 30 hivi, tusilie wala tusishangilie.

Juzi tumepima tena. Daktari alisisitiza iwe maabara ile ile na kipimo kile kile, mashine zisije zikatupa hesabu nyingine. Kwa hiyo dirisha lile lile, kijana yule yule. Mamangu akatangulia mbele yangu: “Mwanangu, kabla hujanisomea, hiki ni kile cha mwisho ama kile cha kwanza?”

Kijana akatazama karatasi, akanyamaza, akaingia ndani kuuliza. Alikaa sana. Aliporudi akasema kwa sauti ya chini, “Cha mwisho, mama. 1,590.” Imeshuka karibu asilimia 40. Radhi hakuomba.

Maabara hiyo simshauri mtu aende. Na mwezi ujao damu ya mamangu tutaipeleka hapo hapo.