“Creep” ya Radiohead: gitaa lililokusudia kuuvuruga wimbo

Wengi wetu tuliufahamu wimbo huu baada ya Radiohead kuwa bendi kubwa, kwa hiyo tumezoea kuusikiliza kama mtu atazamaye picha ya utotoni ya mzee mashuhuri. Safari hii nimeusikiliza kama ulivyotoka Septemba 1992: singo ya kwanza ya vijana watano wa Abingdon, karibu na Oxford nchini Uingereza, ambao mwaka uliotangulia walikuwa bado wanajiita On a Friday. Nilitaka kujua kama unasimama wenyewe, bila kubebwa na sifa zilizokuja baadaye.

Unasimama, na sehemu kubwa ya nguvu zake iko mahali padogo sana. Wimbo mzima umejengwa juu ya kodi nne za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazozunguka bila kubadilika, yaani G, B, C, na C maina, ile yenye mlio wa huzuni, na hazibadiliki hata unapofika kwenye kiitikio. Ukitega sikio utasikia noti moja ndani ya kodi hizo ikipanda taratibu kutoka D hadi E, kana kwamba tumaini linajijenga, halafu kwenye C maina inarudi nyuma nusu hatua. Kupanda huko na kuanguka huko hurudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana huzuni ya wimbo humfikia hata msikilizaji asiyeelewa neno moja la mashairi yake.

Beti zimetulia: ngoma za Philip Selway, besi ya Colin Greenwood, gitaa la Ed O’Brien linalodonolewa uzi mmoja mmoja, na sauti ya Thom Yorke iliyo karibu mno na kipaza sauti. Kisha, kiitikio kikiwa bado hakijaanza, gitaa la Jonny Greenwood linakwaruza kwa ukali nyuzi zilizozibwa kwa mkono, kama mtu anayelazimisha mlango uliokwama. O’Brien amewahi kueleza kwamba Jonny hakupendezwa na upole wa wimbo, akapiga kwa nguvu ili auvuruge. Ikiwa hiyo ndiyo nia yake, basi alishindwa vibaya, kwa sababu mikwaruzo ile ndiyo inayouokoa. Ukiiondoa, utabaki na wimbo wa kujihurumia unaotiririka vizuri tu, wa aina ambayo redio hazijawahi kuishiwa.

Hata kurekodiwa kwake hakukupangwa. Watayarishaji Paul Kolderie na Sean Slade walikuwa wakishughulikia nyimbo nyingine za bendi katika studio ya Chipping Norton, na “Creep”, ambao Yorke aliuandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Exeter, ulipigwa mazoezini tu. Kwa kuwa Yorke aliutaja kama wimbo wao wa “Scott Walker”, jina la mwimbaji mwingine, watayarishaji walidhani wameazima kazi ya mtu mwingine. Baadaye uliporekodiwa, ulirekodiwa kwa mkupuo mmoja, na hilo linasikika: sauti ya Yorke katika sehemu ya katikati, pale inapopanda na kung’ang’ania juu, ina mikunjo ambayo mwimbaji mwenye nafasi ya kurudia angeinyoosha.

Kasoro haikosi. Mashairi ya mtu anayemtazama mpenzi asiyeweza kumfikia na kujiona hafai yanakaribia mara kadhaa kuwa malalamiko ya kijana aliyejifungia chumbani, na pasipo gitaa lile nisingeyavumilia hadi mwisho. Vilevile, kufanana kwake na “The Air That I Breathe”, wimbo uliotangulia wa miaka ya 1970, hakuhitaji sikio la mtaalamu. Watunzi wa wimbo huo, Albert Hammond na Mike Hazlewood, sasa wametajwa pamoja na bendi, na ni haki yao. Kuhusu toleo la redio, ambalo neno la matusi limebadilishwa kuwa neno la adabu, shauri langu ni fupi: achaneni nalo. Wimbo unaomhusu mtu asiyejipenda haupaswi kuomba radhi.

Uingereza haikuupokea mara moja. BBC Radio 1 iliona unahuzunisha kupita kiasi, na uliishia nafasi ya 78 kwenye chati. Ulianza kupendwa Israel, kisha vituo vya redio vya California vikauchukua, ukafika nafasi ya 34 Marekani. Ulipotolewa tena nyumbani mwaka 1993, ukapanda hadi nafasi ya 7.

Mwenye kuipata diski ya mwaka 1992 atakuta pia “Lurgee”, “Inside My Head” na “Million Dollar Question”. “Lurgee” unastahili kusikilizwa zaidi ya mara moja kwa utulivu wake. Huo mwingine wa “Inside My Head”, ambao ulikuwa miongoni mwa zile zilizokusudiwa kurekodiwa kabla ya “Creep”, una kelele nyingi na hauna mahali pa kushika.

Mimi huurudia “Creep” kwa ajili ya dakika yake ya mwisho, makelele yanapokwisha na sauti ya Yorke ikarudi chini. Hapo huingia piano ya upole, na anayeipiga ni Jonny yuleyule.