Kuzima Mlio wa Rivasi wa Toyota Prius Bila Kugusa Sensa

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Ukubwa wa injini ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, pamoja na ulaji wake wa mafuta, mmekwisha kuvisikia mara nyingi, kwa hiyo leo sitavigusa. Nataka tuzungumzie kitu kimoja tu ambacho kimenichosha tangu siku nilipolichukua gari hili bandarini Dar es Salaam, nacho ni mlio unaoanza mara tu ninapoweka gia ya rivasi. Sikilizeni: pii, pii, pii. Hautanyamaza mpaka niitoe gia hiyo.

Sasa tuhamie kwenye kamera ya pili, niliyoiweka nje, nyuma ya bampa, huku vioo vyote vikiwa vimefungwa. Mlio hausikiki. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani mlio huu unamwonya mtembea kwa miguu au mtoto anayecheza nyuma ya gari, ilhali unatoka kwenye dashibodi na kuishia masikioni mwa dereva. Zaidi ya hayo, Prius inaporudi nyuma magurudumu yake husukumwa na mota ya umeme peke yake, na kwa hiyo aliye nje anaweza asitambue kabisa kwamba gari linamjia.

Kwa nini basi mlio huo uliwekwa? Tazameni kiwiko cha gia. Nakivuta kwenye R, nakiachia, nacho kinarudi katikati chenyewe. Kwenye Vitz ya gia za kawaida za otomatiki kiwiko hubaki pale ulipokiweka, na mkono wako unajua gari liko katika gia gani. Hapa mkono haujui, kwa hiyo sikio linakumbushwa. Sababu hiyo naiheshimu, na dereva ambaye bado hajaizoea Prius namshauri auache mlio kwa miezi ya mwanzo. Lakini ninapoegesha Kariakoo, mahali ambapo kijana ananiongoza kwa sauti, "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo!", mlio huu unafunika sauti yake na unafunika pia mlio wa sensa, yaani vifaa vya kutambua kitu kilicho nyuma, nilizofunga kwenye bampa. Mlio usionieleza jambo jipya ndio unaonizuia kuusikia ule wenye habari muhimu.

Hayo nimejifunza kwa gharama. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alichukua shilingi 40,000 akaniahidi kuuzima, kisha akakata waya kule nyuma. Mlio wa dashibodi uliendelea kama kawaida, ila taa ya rivasi haikuwaka tena na sensa zikafa, kwa kuwa sensa za kufungwa baadaye aghalabu huchukua umeme kwenye waya wa taa hiyo. Niligundua usiku, jirani yangu aliponipigia kelele nisimame kwa sababu mwanawe alikuwa nyuma ya gari. Tafadhali msikubali waya ukatwe.

Njia ifuatayo haigharimu hata shilingi moja. Kwanza, nimelisimamisha gari mahali tambarare, hakuna mtu mbele wala nyuma, nimekanyaga breki ya kuegeshea, na mguu wangu wa kulia hautaondoka kwenye breki mpaka nimalize, kwa sababu kuna wakati gari litaingia rivasi likiwa tayari kuondoka. Ninaliwasha mpaka neno READY lionekane, halafu ninabonyeza kitufe cha odomita, yaani kipima kilomita, na tripu mpaka kioo cha dashibodi kionyeshe ODO, na ninalizima. Ninaliwasha tena. Kabla ya sekunde 6 kupita ninakibonyeza kitufe kile kile na kukishikilia. Angalieni kidole changu, sikiachii hata kidogo, nahesabu mpaka sekunde 10 zipite. Nikiwa bado nimekishikilia, ninaweka R, kisha P, na sasa ndipo ninapokiachia. Kwenye nafasi ya odomita pameandikwa "b on". Ninabonyeza mara moja, panakuwa "b off", na ninalizima gari ili likumbuke. Jaribio langu la kwanza lilishindikana kwa sababu nilichelewa zile sekunde 6, kwa hiyo ikiwashinda anzeni upya bila haraka. Na maandishi hayo yasipotokea kabisa, mpelekeeni fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari aubadilishe mpangilio huo.

Wapo walioniuliza kama njia hii inafaa kwa king'ora cha nje cha lori. Haifai, na king'ora hicho hakipaswi kuzimwa kwa njia yoyote, kwa maana kile ndicho kinachowaonya watu walio nyuma.

Bei ya sensa, ambayo wengi mmeiulizia, nitaizungumzia kwenye video ya wiki ijayo nitakapofunga seti mpya ya sensa nne. Kwa leo tuhakikishe kwamba hatujaharibu kitu. Ninaweka R: dashibodi imenyamaza, herufi R ipo kwenye kioo, na kamera ya nje inaonyesha taa nyeupe inawaka. Nyuma nimeweka pipa la plastiki na, kando yake, fimbo nyembamba ya chuma. Narudi polepole kuelekea pipa. Sensa zinalia kwa kuachana, zinaharakisha, na sasa zinalia mfululizo, nami nazisikia vizuri kuliko wakati wowote. Narudi kuelekea fimbo. Sensa ziko kimya, kwa kuwa mawimbi ya sauti yanayozirudia kutoka kwenye kitu chembamba kama hiki ni hafifu mno. Nasimama, nafungua kioo, nageuza shingo na kuitazama kwa macho yangu: imebaki kama shubiri moja kabla ya kuigonga.