Silensa za DragStar yangu baada ya miezi 14 ya chumvi ya Unguja

Ninayo Yamaha DragStar 650, pikipiki ya kruza, ile unayokaa umenyoosha miguu mbele kama uko barazani. Injini ni silinda mbili za V, cc 649, na mabomba yote mawili ya moshi yanapita upande wa kulia. Silensa zake za asili, yaani mikebe ya mkiani inayopunguza mlio, zilikwishaoza kwa chini, basi nikaona ndiyo nafasi ya kupata na mlio.

Safari ya kwanza nilichagua kwa masikio. Duka moja mjini liliniuzia seti nzima, kuanzia kichwa cha injini hadi mkiani, mabomba matupu hayana kitu ndani. Muuzaji akaapa ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Yaliwaka kama kioo, nikalipa.

Mlio niliupata, na zaidi ya nilioutaka. Mimi nakaa Kikwajuni na natoka kazini usiku. Ukipita kichochoroni Mji Mkongwe, ukuta wa huku unaurushia mlio ukuta wa kule, mpaka unajionea haya mwenyewe. Wiki ya pili mzee wa barza yetu akanisimamisha: "Mwanangu, Ramadhani hii wapiga ngoma za daku tutawaambia wapumzike, wewe peke yako unatosha." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini ujumbe ulinifika.

Nguvu je? Sikuiona. Kuondoka kwa taratibu ndiko kulikoharibika, pikipiki ikawa nzito mpaka injini ichanganye. Na kila nikiachia mafuta inapiga risasi, pa! pa! Fundi akasema jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, ni ndogo, mchanganyiko umekosa petroli. DragStar hii ina kabureta mbili, kwa hiyo jeti unanunua jozi. Tukabadilisha, na risasi ziko pale pale. Siku ya tatu akachukua kitambaa, akaziba midomo ya mabomba injini ikiwa inanguruma taratibu bila kutiwa mafuta, tukasikia "chss" kwenye kichwa cha silinda ya nyuma. Kumbe alikuwa amerudisha gasketi za zamani, zile pete za kuziba maungio ya bomba na injini, zilizokwisha kubanwa. Tulipotia mpya, risasi zilipungua sana. Kwa hiyo ukifungua bomba, nunua gasketi mpya kwanza, jeti utazizungumza baadaye. Ukishatulia, chomoa plagi utazame: ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, ikiwa ya rangi ya kahawia, acha kabureta za watu.

Kilichonimaliza ni buibui la mke wangu. Bomba lile halikuwa na kava la joto, tukaenda naye Bububu, pindo la nailoni likayeyuka na kuganda kwenye kromu. Bahati njema haukuwa mguu. Mwezi wa tano kutu ikaanza kwenye maungio, tena kwa vidoa vya kuvimba: chuma cha kawaida kilichopakwa kromu tu.

Safari ya pili nilitembea na sumaku mfukoni. Stenlesi ya aina ya 304 kwa kawaida haishiki sumaku, au inashika kidogo sana. Hiyo si hukumu ya mwisho, maana ipo stenlesi nyingine ya ekzosi, 409, inayoshika kabisa. Lakini kama mtu anakuapia 304 na sumaku inaganda kama kupe, ondoka. Nilitazama pia za Vance & Hines na Cobra, majina ya Marekani yanayosifiwa sana na watu wa kruza, ila nilipojumlisha usafiri na ushuru nikafunga simu.

Nilichochukua ni silensa mbili tu za 304, zilizotumika, zilizokuja na boti kutoka Dar. Mabomba ya mbele ya asili yalikuwa bado mazima, nikayarudisha pamoja na kava zake. Pima kipenyo kabla hujalipa. Zangu zilipwaya na fundi akalazimika kuchonga bushi, pete ya chuma ya kujaza nafasi. Ndani zina kizuizi cha sauti kinachofunguka kwa bolti moja. Nilikitoa siku moja, barabara ya Chwaka, nikakirudisha siku ile ile.

Miezi 14 sasa. Mlio ni mnene, wa chini, na ukiwa na abiria mnasikilizana. Kuondoka kumerudi kama zamani. Kutu hakuna, ila rangi imegeuka ya dhahabu karibu na maungio kwa joto, na mimi naipenda. Nikitoka Paje naziacha zipoe, kisha nazisuuza kwa maji baridi ya mfereji. Safari fupi fupi za mjini ndizo mbaya zaidi, maji ya moshi yanabaki ndani bila kukauka, kwa hiyo hakikisha kitundu cha chini ya silensa cha kutolea maji hakijaziba.

Aibu yake ni moja: silensa ya chini imekaa karibu mno na ardhi. Tuta likiwa refu na tuko wawili, inalamba. Mke wangu amezoea, tukifika kwenye tuta anashuka mwenyewe bila kuambiwa, analivuka kwa miguu na kunisubiri upande wa pili.