Pick-up kulalia upande mmoja: uzoefu wangu na fundi springi wa Gerezani

Hilux yangu ya mwaka 2003, kazi yake ni kubeba saruji na mabati, ilianza kulalia kulia, upande wa dereva. Hata ikiwa tupu, ukiitazama kwa nyuma unaona bampa limekwenda mshazari. Gereji ya kwanza, ambayo siitaji, waliizunguka mara moja tu wakatoa hukumu: shokapu zimekufa, nunua nne, na tosheni ba (chuma kinachojipinda kubeba uzito kama springi) ya mbele kulia ikazwe ili bodi inyanyuke. Bei waliyotaja ndiyo iliyonipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja anayeshughulika na springi peke yake.

Yule mzee hakugusa spana kwanza. Alitaka mzigo wote ushushwe, pamoja na lile tairi la akiba nililokuwa nimelitupa nyuma, akapima upepo wa matairi, akaisogeza gari kwenye sakafu iliyo sawa. Kisha akachukua tepu. Hakupima kutoka chini, maana tairi lililokwisha lingemdanganya. Alipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne. Mbele kulia ilikuwa chini kwa sentimita 2, nyuma kulia kwa 4.

Hapo ndipo nilipomkubali. Aliweka jeki moja katikati ya kromemba ya mbele, kile chuma kinachokingama kati ya pande mbili za chesesi, akainua mpaka mbele pakawa panaegemea nukta hiyo moja tu. Nyuma bado pamelala vilevile! "Mwanangu, ugonjwa uko nyuma, mbele panaonewa tu," akasema. Chesesi ni kama meza: mguu mmoja wa nyuma ukifupika, kona ya mbele nayo inainama. Kukaza tosheni ba kungeficha tatizo na kuitupia kona nyingine uzito usio wake. Na shokapu, alivyonieleza, hazibebi gari, zinatuliza mrusho tu. Iliyokufa utaijua gari likiendelea kudunda baada ya tuta.

Springi ya kulia ilipofunguliwa, jani la pili, yaani kipande cha pili kati ya vyuma bapa vinavyopangwa kuwa springi, lilikuwa limekatika kwenye tundu la senta bolti, ile inayoyashika majani pamoja. Kwa nje usingeliona hata kwa tochi, kwa sababu mahali penyewe panafunikwa na pleti na yuboti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Bushi za shakeli, kiungo cha ncha ya springi na chesesi, nazo zilikuwa zimeliwa.

Aliweka jani la mtumba, akabadilisha bushi, halafu akakunja upya springi za pande zote mbili. Nilibisha kidogo kuhusu ile ya kushoto, ila hoja yake ilikuwa nzito: ukiipa nguvu ya kulia peke yake, gari litahamia kulalia kushoto. Yuboti alitaka kurudisha zile za zamani. Nilikataa, nikanunua mpya, kwani zikishakazwa na kubeba mzigo miaka yote hiyo huwa zimevutika. Hapo ndipo ninapomkata alama.

Sasa tofauti ya kulia na kushoto haifiki sentimita moja. Ikiwa tupu inagonga zaidi kuliko zamani, jambo linalowaudhi abiria wangu, lakini ikipakiwa imetulia. Gharama yote ilikuwa chini ya nusu ya zile shokapu nne.

Muda ndio kasoro yake kubwa: akikwambia saa nane, hesabu magharibi. Kukaza yuboti tena baada ya kutembea kilomita mia kadhaa anafanya bure, ila nenda asubuhi, maana mchana foleni ya malori madogo ya Canter hapo haina mwisho.